Bibi Aliyeuliza "Una Neno?"

Sogeeni hapa, wapwa zangu. Juzi mmoja wenu aliniuliza swali nami nikamwomba asubiri, maana swali zuri halijibiwi mtu akiwa amesimama mlangoni. Aliuliza hivi: "Mjomba, kompyuta ikizeeka hutupwa?"

Nyingi hutupwa, mwanangu. Lakini kuna ukoo mmoja wa kompyuta ambao watu hawakuutupa. Kompyuta za ukoo huo huitwa meinfremu, na mimi leo nitaziita kompyuta kuu. Zamani moja tu ilijaza chumba kizima. Kazi yake ni kutunza mambo ya watu wengi kwa wakati mmoja: akiba za benki, viti vya ndege, mishahara, bima. Tarehe 7 Aprili 1964, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta kuu zilizoitwa System/360. Wajukuu wa kompyuta hizo wanafanya kazi mpaka leo, na programu nyingi alizoandikiwa babu yao bado wanazielewa.

"Kwa nini watu hawakuanza upya tu?"

Umeuliza vizuri. Mashine mpya walinunua, tena mara nyingi, ila za ukoo uleule. Tabu iko kwenye programu. Ndani ya programu za benki mna kila kitu benki inachokijua: riba inapigwaje, deni likichelewa inakuwaje, nani anaruhusiwa kutoa pesa na nani haruhusiwi. Watu waliziandika kwa miaka mingi, nyingi kwa lugha ya COBOL iliyobuniwa mwaka 1959. Baadhi ya walioziandika wamestaafu, na wengine wamefariki. Ukizifuta uanze upya, unaweza kusahau kanuni moja ndogo, na hiyo kanuni moja ikawa pesa za mama wa mtu.

Basi kompyuta kuu ikabaki. Likabaki pia swali la njia. Kompyuta kuu iko mji mmoja, na wanaoihitaji wako miji mia. Watazungumza nayo vipi?

Jibu moja la mapema lilianzia angani. Mwaka 1953 ndege ilikuwa ikitoka Los Angeles kwenda New York. Ndani yake abiria wawili wakaanza kuzungumza. Mmoja alikuwa C. R. Smith, rais wa shirika la ndege la American Airlines. Mwingine alikuwa R. Blair Smith, mwuzaji wa IBM. Wote ni Smith, lakini hawakuwa ndugu! Wakazungumzia adha ya kuweka nafasi za abiria. Siku hizo kazi ile ilifanywa kwa kadi za karatasi na simu, na nafasi ya abiria mmoja iliweza kuchukua saa moja na nusu. Mazungumzo yale yalizaa mfumo ulioitwa Sabre. Kompyuta mbili za IBM 7090 zikawekwa Briarcliff Manor, katika jimbo la New York, na makarani wa miji mingine wakaunganishwa nazo kwa laini za simu. Kufikia mwaka 1964 nafasi zote za shirika lile zilipita humo. Intaneti ilikuwa bado haijazaliwa, lakini karani wa mji wa mbali alikuwa tayari anauliza kiti na kujibiwa kwa sekunde chache.

"Mjomba, makarani wote wakiuliza kwa pamoja, kompyuta inamsikia nani?"

Haya! Hilo ndilo swali lenyewe. Anayeuliza hivyo amekwisha kuingia ndani ya jambo. Kulijibu, twendeni kwanza uani kwa Bibi.

Ni usiku, watu wamekula. Wajukuu wamejaa mkekani, na kila mmoja ana lake la kusema. Wakisema wote kwa mpigo, Bibi hasikii kitu. Kwa hiyo ameweka utaratibu wake: hakuna kusema mpaka uulizwe. Anaanzia kulia.

"Asha, una neno?"

"Sina, Bibi."

"Juma, una neno?"

"Sina, Bibi."

"Mwanaisha, una neno?"

"Ninalo, Bibi!"

Hapo Mwanaisha anasema lake, Bibi anasikiliza, anajibu, kisha anaendelea na wa nne. Akimaliza wa mwisho anarudi kwa Asha. Una neno? Sina. Una neno? Sina.

"Kwa nini anahangaika kuwauliza hata wasio na neno?"

Kwa sababu "sina" nayo ni habari, mwanangu. Inamwambia Bibi kwamba mtoto yupo, yu macho, hajambo. Juma akiulizwa akanyamaza, Bibi anauliza tena. Akinyamaza tena, Bibi anauliza mara nyingine. Akizidi kunyamaza, Bibi anasema, "Juma hayupo," na usiku ule anaacha kumhesabu.

Kompyuta kuu iliishi hivyohivyo na vituo vyake. Laini moja ya simu ilipita kwenye matawi kadhaa ya benki, na matawi yote yaliisikiliza laini hiyo hiyo moja. Kila tawi lilikuwa na anwani yake. Kompyuta kuu iliita anwani ya kwanza: una neno? Sina. Anwani ya pili: una neno? Sina. Kwa kweli haikuita yenyewe. Kazi hiyo ilipewa mashine msaidizi iliyokaa jirani yake, kwa mfano ile ya IBM iitwayo 3705, ili Bibi abaki na hesabu zake. Mwaka 1974 IBM ilizikusanya adabu hizi zote, nani aanze, nani asubiri, nani ajibu, ikaziita SNA.

Sasa nataka mmsikie mmoja wa wajukuu. Huyu ni terminali, yaani kioo na kibodi vilivyokaa mbele ya karani wa benki. Tuseme yuko katika mji mdogo Marekani, mbali na kompyuta kuu. Nyamazeni kidogo, anasema.

"Mimi naitwa 3278. Ukoo wangu ni 3270, ulioanza mwaka 1971. Watu hudhani mimi ni kompyuta. Sivyo. Sijui salio la mtu yeyote, na kujumlisha akaunti mbili siwezi. Yote hayo anayajua Bibi. Mimi nina kioo chenye mistari 24, na kila mstari una nafasi 80 za herufi. Zidisheni."

Haya, zidisheni! Ni 1,920. Mwenye kupata bila kushika kalamu, hongera.

"Kwa nini 80? Kabla yangu watu waliandika kwa kutoboa matundu kwenye kadi za karatasi, na tangu mwaka 1928 kadi ya IBM ilikuwa na safu 80. Kadi zilikwisha, 80 ikabaki kwangu. Herufi zangu zina rangi ya kijani na nyuma yake ni giza. Karani anapofika asubuhi, Bibi ananitumia fomu: jina, namba ya akaunti, kiasi. Karani anajaza. Akikosea anafuta, akikosea tena anafuta tena, na Bibi hajui lolote. Herufi zote nazishika mimi. Karani akisharidhika anabonyeza kitufe cha kutuma. Hapo naifunga kibodi, hata akibonyeza nini sipokei. Chini kabisa ya kioo naweka alama ya X, maana yake subiri. Kaka mkubwa anakusanya sehemu zilizobadilika tu, nasi tunasubiri zamu."

"Kaka mkubwa ni nani?"

"Ni sanduku lililo chumba cha nyuma. Langu linaitwa 3274. Tunaweza kufika terminali 32 chini yake, kila mmoja na kebo yake. Bibi anapoita, anamwita yeye. Una neno? Naye akiwa na fomu yangu mkononi anajibu: ninalo, Bibi."

Asante, 3278. Wapwa zangu, mmeona alivyo mpole huyu? Hamsumbui Bibi kwa kila herufi. Nami nataka mlijue hilo vizuri, kwa sababu njia ya zamani ilikuwa nyembamba sana. Laini nzuri ya siku zile ilipitisha biti 9,600 kwa sekunde. Herufi moja ni biti 8. Kioo kizima cha herufi 1,920 ni biti 15,360, kwa hiyo kukijaza kulichukua sekunde 1.6, hata kabla ya kuhesabu mambo mengine. Kwenye laini ya biti 2,400 zilikuwa sekunde 6.4. Kaeni kimya mhesabu mpaka sita. Ndivyo karani alivyokaa, na mteja mbele yake naye amekaa.

Njia ile ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ya Bibi peke yake. Benki iliikodi kutoka kampuni ya simu usiku na mchana, na hakuna mwingine aliyeipita. Ndiyo maana Bibi alizoea kujibiwa upesi. Alizoea mno.

Ikaja miaka ya 1980, na baada yake ile ya 1990. Maofisi yakapata kompyuta ndogo za mezani, barua za kompyuta, mafaili ya kutumiana. Hizi zilitumia adabu nyingine, za TCP/IP, zilezile zinazoendesha intaneti. Katika adabu hizo kila ujumbe hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani yake na kutafuta njia. Leo inaweza kupita huku, kesho kule. Penye msongamano inangoja. Ikipotea, inatumwa nyingine.

Sasa tawi moja la benki likawa na laini mbili: moja ya Bibi, moja ya kompyuta za mezani. Ada mbili kila mwezi, mafundi wa aina mbili. Wenye benki wakauliza: kwa nini wote wasipite njia moja?

"Kweli, kwa nini wasipite njia moja?"

Kwa sababu ya Bibi, mwanangu. Turudi uani. Safari hii wajukuu wamekua na wamehama. Bibi yuko Tanga. Asha, Juma na Mwanaisha wako Kigoma. Bibi anakaa palepale, anauliza vilevile: "Asha, una neno?" Swali linachukuliwa na wasafiri. Linafika Kigoma. Asha anajibu palepale, "Sina, Bibi." Jibu nalo linachukuliwa na wasafiri, treni inachelewa, linalala njiani. Bibi anangoja kidogo, anauliza tena. Anangoja, anauliza tena. Halafu anasema, "Asha hayupo."

Asha yupo! Hajambo kabisa! Njia tu ndiyo ndefu.

Hivyo ndivyo ilivyotokea pale maneno ya SNA yaliposukumwa tu kwenye njia ya pamoja. Wakati mwingine yalipita salama. Kisha mtu anatuma faili kubwa, njia inajaa, "sina" moja inachelewa kupita muda uliowekwa, na kompyuta kuu inalikata tawi zima. Vioo vyote vinapoteza fomu kwa pamoja. Makarani wanaanza kuingiza majina na maneno ya siri upya, na foleni ya wateja inafika mlangoni. Hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Nimpe mwenye kupenda hesabu mfano mwingine, ule wa setilaiti. Setilaiti za mawasiliano zinazokaa juu ya Ikweta ziko umbali wa kilomita 35,786. Swali linapanda, linashuka: kama kilomita 72,000. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo swali hutumia karibu robo sekunde. Jibu nalo robo. "Una neno? Sina" moja imekula nusu sekunde. Ukiwa na matawi 20 unayoyauliza moja baada ya jingine, zamu inarudi baada ya sekunde 10, na hapo hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno!

Na palikuwa na tabu nyingine. Maneno ya SNA kwenye laini ya zamani yalisema "tawi namba fulani" tu. Hayakubeba anwani ambayo njia mpya ingeielewa. Mgeni aliyezoea barabara moja isiyo na njia panda hajui ashike wapi akifika mjini.

Basi wahandisi wakafanyaje? Hawakumwambia Bibi abadilike, na watoto hawakuwabadilisha pia. Waliweka watu wawili katikati.

Tanga, mlangoni kwa Bibi, wakamweka Shangazi. Kigoma, kwenye nyumba ya wajukuu, wakamweka Baba Mdogo. Bibi akiuliza, "Asha, una neno?" Shangazi anajibu papo hapo, "Hana, Bibi." Huko Kigoma, Baba Mdogo anazunguka mkekani kwa sauti ya Bibi: "Asha, una neno? Juma, una neno? Mwanaisha, una neno?" Sina, sina, sina. Hizo "sina" zote zinaishia kwake. Hazisafiri. Ila Mwanaisha akisema, "Ninalo," Baba Mdogo anaandika neno lake, analitia ndani ya bahasha yenye anwani ya Shangazi, na bahasha ndiyo inayosafiri. Shangazi anaipokea, anaifungua, anangoja Bibi aulize, kisha anasema, "Analo, Bibi. Ni hili."

Shangazi na Baba Mdogo ni ruta, zile mashine zinazopitisha pakiti kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Bahasha ni TCP/IP. Mbinu yenyewe huitwa DLSw. IBM iliieleza wazi kwa kila mtu mwaka 1993 katika hati iitwayo RFC 1434, na mwaka 1995 ikatoka hati iliyoboreshwa, RFC 1795, ili ruta za makampuni tofauti ziweze kuelewana. Mimi naipenda mbinu hii kuliko nyingine zote katika habari hii. Bibi hakuguswa, wajukuu hawakuguswa, na njia ndefu ikabeba maneno ya kweli tu.

Naona mmoja wenu amekunja uso. Sema, mwanangu.

"Mjomba, Shangazi anasema uongo. Asha hakumjibu Bibi. Shangazi ndiye aliyejibu."

Nimefurahi sana kwamba hilo limekukera! Mafundi wakubwa waliwaza hilohilo, na linastahili jibu kamili.

Kwanza, Shangazi na Baba Mdogo wamewekeana ahadi. Asha akinyamaza Kigoma kweli, Baba Mdogo anamtumia Shangazi habari mara moja: huyu hayupo. Na Shangazi hapohapo anaacha kumjibia. Bibi anaujua ukweli, ila unamfika kwa njia nyingine. Shangazi anajibia mtoto yule tu ambaye Baba Mdogo hajasema kwamba ametoweka.

Pili, Shangazi akimwambia Bibi, "Nimelipokea neno lako la Juma," amejitwika mzigo. Sasa ni juu yake lifike. Hawezi kulitupa. Ndiyo maana bahasha hupita kwa TCP: bahasha ikipotea, hutumwa tena mpaka ifike. Na Bibi akisema upesi kuliko njia inavyobeba, Shangazi hapokei tu na kurundika. Anainua mkono: "Ngoja kidogo, Bibi." Adabu za SNA zina neno hilo, kwa hiyo Bibi halioni geni.

Tatu, na hapa nataka masikio yenu yote. Kuna majibu ya namna mbili. Moja ni "nimesikia." Nyingine ni "nimefanya." Shangazi hujibu ya kwanza tu. Bibi akituma jambo zito, programu yake inaweza kudai jibu la Mwanaisha mwenyewe: nimelipata, nimelimaliza. Kwa adabu za SNA, jibu hilo la pili linahesabiwa kuwa ni neno, wala si "sina." Kwa hiyo linaingia kwenye bahasha na kusafiri njia nzima, kutoka mdomoni kwa Mwanaisha mpaka sikioni kwa Bibi. Shangazi hana ruhusa ya kulitunga. Umeona? Penye pesa za watu, Bibi bado anaisikia sauti ya mjukuu wake.

"Na Shangazi akianguka akiwa ameshika bahasha?"

Neno lililo mkononi mwake hupotea, na mazungumzo hukatika pande zote mbili. Jibu lile la pili halifiki, na Bibi akilikosa anajua jambo halijakamilika. Kwa hiyo kazi inaanza tena kutoka mahali panapojulikana. Benki zenye kujali huweka mashangazi wawili.

Kuna faida nyingine iliyowafurahisha watu wa benki. Zamani laini ikikatika, kwa mfano mtu akichimba mtaro akaukata waya, tawi lilikuwa gizani mpaka waya uungwe. Kwa bahasha, njia ya kaskazini ikikatika ruta hutafuta ya kusini. Zikiwahi, Shangazi na Baba Mdogo hawapotezani, na Bibi anaendelea: una neno? Hana. Una neno? Hana. Wala hajui kwamba barabara imebadilika.

Terminali zenyewe je? 3278 alikuwa mzito na mla umeme, na karani alikwisha kupata kompyuta ya mezani. Basi ikaandikwa programu inayojifanya 3278: dirisha jeusi, mistari 24, nafasi 80, na ile X chini. Adabu zake huitwa TN3270. Hati yake mojawapo, RFC 1576, ilitoka mwaka 1994. Nyingine, RFC 2355 ya mwaka 1998, ilieleza jinsi dirisha linavyoweza kuomba jina lake maalumu kwa Bibi na jinsi printa nayo inavyohudumiwa. Kwa njia hii kaka mkubwa, lile sanduku la chumba cha nyuma, hahitajiki tena. Dirisha linakwenda kwa TCP/IP mpaka kwa seva iliyo jirani na Bibi, au mpaka kwa Bibi mwenyewe, kwa sababu naye siku hizi amejifunza TCP/IP.

Dirisha lina kazi moja ya siri. Kompyuta yenu ya nyumbani huihifadhi herufi A kama namba 65. Kompyuta kuu ya IBM huihifadhi kama 193. Usipotafsiri, jina la mtu linageuka takataka. Dirisha hutafsiri kila herufi, kwenda na kurudi. Mwanzoni lilituma kila kitu waziwazi, hata neno la siri la karani, na mtu aliyekaa njiani angeweza kulisoma. Hilo halikuwa jambo dogo. Siku hizi mazungumzo hayo hufungwa kwa TLS, kufuli ileile inayolinda kurasa za benki kwenye simu ya mama yako, na benki isiyoyafunga inafanya kosa.

"Mjomba, naweza kumwona Bibi?"

Unaweza, tena hapa nyumbani! Mwaka 1999 ilitoka programu ya bure iitwayo Hercules, iliyoanzishwa na Roger Bowler. Inaifanya kompyuta ya kawaida ijifanye kompyuta kuu ya IBM. Ndani yake watu huendesha mfumo wa zamani uitwao MVS 3.8. Dirisha la terminali nalo liko bure, linaitwa x3270. Hercules kwa kawaida husubiri wageni kwenye mlango namba 3270, na mtoto anayekumbuka 3278 ni wa ukoo gani hatauliza kwa nini. Mwombeni kaka yenu awasaidie kuziweka. Fungueni dirisha, andikeni mnachotaka, fanyeni makosa, futeni, kisha bonyezeni kitufe cha kutuma na mtazame mstari wa chini. Kompyuta za leo zina mbio, kwa hiyo ile X huenda ikapita kabla hamjaiona. Rudieni tena mkiwa mmekaza macho, na atakayeiona kwanza aje aniambie.